Harufu, riha na kibao cha duka la Langoni

*"Assalam aleikum, Mwalimu. Nimefungua kiduka cha udi, marashi na mafuta ya kupaka hapa Langoni, Lamu, na fundi wa rangi aningoja nimpe maneno ya kibao. Mimi nataka aandike 'Harufu Tamu'. Bibi yangu amekataa katakata. Asema harufu ni ya mtaroni, niandike 'Riha'. Kaka yangu aliyeko chuoni Mombasa naye asema harufu ni herufi iliyoharibiwa matamshi tu, zote ni neno moja la Kiarabu. Nani ana haki? Na watu wa lugha nyengine, maneno yao ya harufu yametoka wapi?"*

Waaleikum salam, mwanangu. Mwambie fundi aufunike mkebe wake wa rangi, maana umeniuliza maswali matatu kwa mpigo na la mwisho peke yake lingetosha darasa la mwezi mzima. Nitayajibu yote, lakini si kwa kipimo sawa. La kaka yako ni jepesi. La bibi yako ndilo lenye utamu.

Kaka yako amekosa, ila amejikwaa pale wanapojikwaa wengi. Chukua kalamu uyaandike maneno hayo mawili kwa hati ya Kiarabu, kama wazee wa Lamu na Pate walivyokuwa wakiandika barua zao na tenzi zao. Herufi utaianza kwa ha, ile ya kooni inayoanza pia haki na halali. Harufu, kwa asili yake ya Kiarabu, hutaianza kwa ha hata kidogo. Utaianza kwa ain, ile ile inayoanza akili, elimu na idi. Kwa Mwarabu, *harf* ni alama ya kuandikia, na *arf* ya ain ni harufu. Kwake yeye maneno hayo yako mbali kama mbuni na mbuzi.

Sisi ndio tuliowakutanisha. Ain hubanwa kooni kwa namna ambayo Kiswahili hakina, basi maneno yake yalipoingia kwetu yaliivua mlangoni kama mtu avuavyo viatu: tukapata akili, tukapata umri, tukapata adui. Machache yalipoivua yakavaa h badala yake. Moja unalijua vizuri: Kiarabu ni *arus*, kwa ain, maana yake bibi harusi, na mpaka leo pwani hii wako wasemao arusi na wako wasemao harusi. Harufu imepita mlango huo huo wa harusi, isipokuwa siku hizi humsikii mtu akisema "arufu".

Na ile u ya katikati? Ulimi wetu haupendi r na f zigusane. Waarabu wana *sarf*, sisi tuna sarufi. Wana *harf*, tuna herufi. Wana *arf*, tuna harufu. Maneno matatu yametiwa u ile ile mahali pale pale, yakatoka yanafanana kama watoto wa tumbo moja, na kaka yako akadhani mawili kati yao ni pacha. Asijilaumu sana. Kufanana kwao kumefanyika hapa kwetu.

Jamaa wa damu wa harufu ni wengine, na hao sidhani kama kaka yako amewahi kuwashuku. Mzizi wake ni ain, ra, fa. Mzizi huo huo ndio uliotupa arifu, taarifa, maarufu na maarifa. Yaani neno la pua na neno la elimu yatoka nyumba moja! Mwanachuoni wa lugha Ibn Faris, aliyefariki karibu mwaka 1004, alilishughulikia jambo hili katika kamusi yake ya mizizi. Alisema kwamba kujua kuna utulivu ndani yake: kitu usichokijua hukishtukia, hukiepuka, na ukishakijua nafsi yatulia nacho. Na harufu njema, akasema, iko mlango huo huo, kwa sababu nafsi huitulia. Unaweza kumbishia; mimi simbishii, kwa kuwa nimewahi kurudi kutoka safari ndefu na kabla sijaliona jahazi moja pwani nikajua kwa pua kuwa nimefika Amu, yaani Lamu yetu.

Tena fungua msahafu, sura ya Muhammad, aya ya 6, panapotajwa Pepo ambayo Mwenyezi Mungu "amewajulisha" waja wake. Hivyo ndivyo inavyofasiriwa mara nyingi. Lakini wako wafasiri waliosema kitenzi kile, *arrafa*, hapo kimetokana na *arf*, kwa hivyo maana ni kuwa ameitia manukato kwa ajili yao. Basi neno unalotaka kulitundika mlangoni mwako lilizaliwa likinukia.

Sasa tuje kwa bibi. Ikiwa neno lilizaliwa hivyo, limefikaje mtaroni?

Kwanza nikiri kwamba hata kwa Waarabu halikuwa safi moja kwa moja. *Arf* aghalabu ni harufu nzuri, lakini wana methali ya kale isemayo kwamba ngozi mbovu haikosi harufu mbovu, na neno lililotumika ni hilo hilo *arf*. Ufa ulikuwepo tangu mwanzo. Lilipofika kwetu likawa neno la kati, la kubeba chochote: harufu nzuri, harufu mbaya, harufu ya mvua. Hapo ndipo lilipo katika kamusi mpaka leo. Lakini kamusi haiishi Langoni. Mtu akiingia nyumba ya watu akasema tu, "Humu mna harufu," nani atamwuliza kama ni ya asumini? Watu watainama kuangalia chini ya kitanda kuna panya gani aliyekufa. Neno likisimama peke yake, bila "nzuri" wala "tamu" kulishika mkono, limeanza kuinama upande mmoja. Bibi yako amelisikia likiinama. Sikio lake ni zima.

Si letu peke yetu hili. Waingereza wa zamani sana walikuwa na kitenzi *stincan*, na ua nalo lilikuwa "likistinka" utamu, bila mtu kukunja pua. Neno likaoza likawa *stink*, uvundo mtupu. Wakashika *smell*, lililojitokeza karne ya 12, na hakuna ajuaye limetoka wapi. Leo ukimwambia Mwingereza kwamba anatoa *smell*, bila kusema ya nini, umemtukana. Kwa hivyo wakakopa tena kwa Wafaransa: *odour*, *scent*, *perfume*. Hilo la pili ni *sentir* la Kifaransa, yaani kuhisi, na ile c ilitiwa baadaye, haijulikani vizuri kwa nini. Wajerumani wamepita ngazi hiyo hiyo: *stinken* lao lilikuwa la harufu yoyote, likaanguka, na *riechen*, ambalo hapo kale lilikuwa kutoa moshi, likachukua nafasi yake.

Kwa nini yaanguke yote upande mmoja? Maoni yangu ni haya. Harufu nzuri tunaiita kwa jina la mwenyewe: asumini, udi, halua inayosongwa, kahawa ya mtu wa barazani. Ile isiyo na mwenyewe, inayokuja na upepo usijue imetoka wapi, hiyo ndiyo tunayoiita harufu tupu, na mara nyingi ni ya kutukera. Neno hubakiwa na wageni wabaya tu, mwisho hufanana nao. Husemwa mavi ya kale hayanuki. Manukato ya kale nayo, yaonekana, huisha nguvu.

Hapa ndipo Kiswahili kilipowashinda hao wengine, na kimewashinda kwa silabi moja.

Niliwahi kupita mbele ya duka moja Nairobi, kijana akanirushia marashi kwenye kiganja akasema kwa bashasha, "Sasa unanuka vizuri, mzee!" Nilijikuta nanusa kwapa langu. Alikuwa na nia njema, na kwa Kiswahili alichokulia huenda hakukosea sana. Lakini kwa sikio la Mwamu, "kunuka vizuri" ni sawa na kusema mtu kaoza vizuri. Kinachopendeza hakinuki. Kinanukia.

Itazame silabi hiyo kwa karibu. Kuna *leta* na *letea*, kuna *pika* na *pikia*: ukitia i au e pale, kitendo humwelekea mtu, hufanywa kwa ajili yake. *Nuka* na *nukia* zimejengwa vivyo hivyo. Mzoga wanuka, basi, hauna habari nawe. Asumini lakunukia: harufu yake imeelekezwa, ina mtu wa kuipokea, kama barua yenye anwani. Sidhani kama mtu yeyote alikaa akapanga hivyo. Ila sisi hatukuwa peke yetu: Wachewa wa Malawi wana *kununkha* kwa kinachonuka na *kununkhira* kwa kinachonukia, silabi ile ile, kazi ile ile, na hatukukopana. Mzizi wa zamani wa Kibantu ulikuwa kama *-nunk-*. Wachewa wameuhifadhi karibu mzima, Wakikuyu husema *kununga* kwa kutoa uvundo, sisi tumeiangusha n ya ndani tukabaki na *nuka*. *Kunusa* nalo ni jamaa yake wa karibu, la kuivuta harufu kwa makusudi.

Mitaani vijana wamekirejesha kitenzi hiki kazini kwa namna yao. "Kimenuka!" husema, maana yake fujo imeanza, au siri imefichuka. Sina ugomvi nao. Ni matumizi mazuri, na yamekaa upande unaostahili.

Sasa lishike neno *manukato*, maana ndilo nitakalokupendekezea. Watu hudhani ile -to ya mwisho ni pambo tu. Hapana. Katika Kiswahili cha zamani, na hasa huku kaskazini, -to ilikuwa kiambishi cha wema: kuweka ni kuweka, *kuwekato* ni kuweka sawasawa, mahali pake, kwa adabu. Edward Steere, aliyeandika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 na baadaye akawa askofu, alikitaja kiambishi hiki, na mfano wake mmoja ni huu wetu: *manuka* ni harufu, *manukato* ni harufu njema. Leo -to imekufa karibu kila mahali, lakini humo imebaki nzima kama nzi ndani ya kaharabu. Kila mteja atakayesema "manukato" atakuwa ametamka Kiswahili cha mababu bila kujua.

Na angalia jinsi watu walioishi mbali mbali walivyofikia wazo hilo hilo la kuipachika harufu neno "wema". Waarabu wana *tib*, manukato, kutoka mzizi wa uzuri na usafi. Hadithi ya Mtume, sala na amani zimshukie, inayoyataja manukato miongoni mwa alivyopendezewa katika dunia hii hutumia neno hilo. Wafarsi wana *khushbu*, harufu ya kupendeza, na kinyume chake *badbu*; ukitazama filamu za Kihindi umeyasikia yote mawili. *Bu* ni harufu. Na usidhani *bu* hiyo haijawahi kufika Lamu. Imo katika bustani: *bu*, harufu, na *stan*, mahali. Bustani kwa asili ni mahali pa kunukia, mboga za majani ziliingia baadaye.

Lakini lililo kubwa ni asili ya *bu* yenyewe. Katika lugha za kale za Iran mzizi wake ulikuwa wa kuhisi na kutambua, na dada yake katika Kisanskriti ni *budh*, kuamka, kujua. Kutoka huko ndiko lilikotoka jina la Buddha, aliyeamka. Umeona? Ni mambo yale yale ya maarifa na harufu, katika ukoo wa lugha usio na undugu wowote na Kiarabu. Warumi nao walikuwa na neno *sagax* kwa mbwa mwenye pua kali, kisha wakamwita hivyo na mtu mwenye akili ya kung'amua. Kwa Wazulu, isangoma, yaani mganga, alipomtambua mchawi katikati ya watu, kitenzi kilichotumika kilikuwa *nuka*: alimnusa akamtoa. Sisi wenyewe, jirani akianza kuuliza habari za nyumba za watu, twasema ananusanusa. Pua ilikuwa mpelelezi kabla ya jicho.

Wagiriki nitawapitia kwa haraka. Wao walikuwa na *ozein*, kutoa harufu, na mwaka 1840 mwanakemia Schönbein akalichukua kuiita hewa ya ozoni, kwa sababu aliigundua kwa harufu yake kali. Ndiyo hiyo hiyo ozoni ya huko juu angani tunayoambiwa imetoboka. Bromini nayo, iliyogunduliwa mwaka 1826, jina lake ni uvundo wa Kigiriki. Wanakemia hawana haya.

Kuna jambo jengine ambalo wageni hutucheka nalo, nawe ukae tayari, maana kwa duka lako watalii watakuja. Huuliza: kwa nini Mswahili "husikia" harufu? Harufu ina sauti? Waambie wasituanze sisi. Mwitalia hutumia *sentire* kwa kusikia wimbo na kwa kusikia harufu. Mchina wa leo husema *wen* kwa kunusa, na neno hilo katika maandishi ya kale lilikuwa kusikia. Alama yake ya kuandikia hata leo imechorwa sikio ndani ya lango. Wajapani wana sanaa ya kukaa kwa utulivu na kupokezana kikombe chenye kipande cha mti wa kunukia juu ya jivu la moto, na hawasemi wanaunusa. Wasema wanausikiliza. Na mti wenyewe ni upi? Ni udi, ule ule ulioko kwenye makopo yako: mti wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, ambao ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu hutoa utomvu mzito ndani ya shina, na utomvu huo ndio unaonukia ukichomwa. Kiarabu *ud* ni kijiti, kipande cha mti, ndiyo maana ala ya taarabu nayo ni udi. Mmoja twausikiliza kwa sikio na mmoja kwa pua.

Tofauti ya *kusikia* na *kunusa* ishike vizuri, kwa sababu naona hata magazeti yanaipoteza. Harufu ikikujia yenyewe, umeisikia. Ukiinamisha uso ukaivuta, umeinusa. Mteja akipita njiani husikia riha ya duka lako, akiingia ukamfungulia chupa, hunusa.

Udi umenikumbusha mama. Alikuwa akiupika mwenyewe, Alhamisi jioni. Sukari kwanza, kwenye sufuria nzito, moto mdogo, akiitazama igeuke kutoka nyeupe hadi rangi ya asali mbichi. Hapo hakutaka mtu amsemeshe. Kisha vipande vya mti, kisha mafuta, miski, na marashi mwisho kabisa baada ya kuepua, yakitiwa mapema hupaa yote. Ulipopoa alivunjavunja akatia koponi. Usiku huo huo makaa yaliwekwa kwenye chetezo, kipande kimoja juu yake, akasimama na buibui lake limefunika moshi usipotee, mpaka ushungi na nywele zikashika. Kitendo hicho twakiita kufukiza, kutoka *fuka*, kutoa moshi. Sasa sikiliza neno *perfume*, ambalo dunia nzima hulitumia kwa chupa za bei ghali: asili yake ni Kilatini, *per*, kwa njia ya, na *fumus*, moshi. Chupa zimesahau moshi. Mama hakusahau.

Vitu vyako vengine vina visa vyao, ila nikivifuata vyote fundi ataondoka. Ubani ni *luban* ya Kiarabu, kutoka mzizi wa weupe na maziwa. L yake imeanguka kwetu. Marashi ni ya kurushwa, kutoka kitenzi cha kunyunyiza, na ndiyo maana kichupa chenye shingo ndefu kinachopitishwa kwenye maulidi chaitwa mrashi. Miski mwulize mwengine, kwa sababu jina lake likifuatwa hadi Kisanskriti laishia mahali nisipoweza kupataja mbele ya bibi yako. Ambari ilikuwa ikiokotwa kwenye fukwe zetu hizi. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu wa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Wazanji kuliko nyengine.

Kabla ya riha, niseme moja kwa ajili ya heshima ya Kiswahili. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba binadamu hana maneno ya harufu zenyewe, ana "harufu kama ya" kitu fulani tu. Mwaka 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult wakatoa makala kuhusu Wajahai, wawindaji wa misitu ya rasi ya Malaya, wenye vitenzi karibu dazeni vya harufu peke yake. Kimoja hutumika kwa petroli, moshi na mavi ya popo. Kingine ni cha harufu ya damu inayomvuta chui-milia. Dunia ikastaajabu. Mimi nilistaajabu kidogo tu, kwa sababu nimekulia karibu na soko la samaki. Mtu ambaye ndimu yake imeisha ajua *shombo* ni nini: ile inayobaki viganjani baada ya kupara samaki, hata ukioga. Kuna *vumba*, la samaki na vitu vibichi. Kuna *kutuzi*, ya jasho lililolala kwapani. Hakuna hata moja linalohitaji "kama ya". Kasoro ni kwamba zote ni za kukunja pua, na hilo lalingana na niliyoyasema juu ya harufu.

Sasa riha. Bibi yako hakuitoa hewani. Ni *riha* ya Kiarabu, ya mzizi wa ra, wau, ha, ambao ndani yake mna upepo, pumzi na starehe. Ndugu zake wako kinywani mwako kutwa: roho, raha, na ule mrehani ulioko kwenye chungu karibu ya dirisha la kila mama Mkomani. Waebrania nao wana *ruah*, roho, na *reah*, harufu, kwa sababu ni ukoo mmoja. Na Yaakub, msafara ulipotoka Misri na kanzu ya mwanawe ingali mbali, alisema anaipata *rih* ya Yusuf. Sura ya 12, aya ya 94. Waliokuwa naye walimwona mzee amepotea. Alikuwa anajua kitu ambacho wao hawakukijua, na alikijua kwa pua.

Riha haijaanguka bado. Sijasikia mtu akisema riha ya mtaroni. Haijaanguka, pengine, kwa sababu haitumiki sana. Neno linalokaa kabatini halichakai. Huo ndio ubora wake na ndiyo hatari yake kwako: mtu wa miaka sitini ataisoma atabasamu, kijana aliyeshuka kwenye boti kutoka Mokowe huenda akadhani ni jina la binti yako.

Basi hukumu yangu ni hii. Kaka yako hana haki, ingawa kosa lake lilikuwa na asali ndani yake, maana limetufikisha kwenye maarifa. Bibi ana haki ya masikio, ila si ya historia. Wewe "Harufu Tamu" yako si kosa la lugha. "Tamu" imeishika mkono, na wateja wataelewa. Ni udhaifu wa biashara tu, kwa sababu mtu akisimama mbali atalisoma neno la kwanza kabla ya la pili.

Ningekuwa mimi, ningeliita duka "Riha", jina, kwa herufi za kuvutia, ili bibi apate haki yake. Chini yake ningeandika kazi ya duka: "Manukato", kisha udi, marashi, dalia, mafuta ya asumini. Dalia, ule unga wa kunukia wa kujipaka, usiisahau. Katika utenzi wake aliomtungia bintiye, karibu mwaka 1858, Mwana Kupona aliitaja pamoja na marashi miongoni mwa vitu ambavyo mwanamke asiache kuvitia mwilini, na wanawake wa Lamu hawajamwasi mpaka leo.

La mwisho ni la fundi. Mpimie ubao kabla hajatia brashi, na umwandikie neno zima kwa penseli. Nimeona vibao vingi mjini humu ambavyo fundi alianza kwa herufi kubwa za maringo, akafika ukingoni nafasi imemwishia. Akikukatia silabi ya mwisho utabaki na "Manuka" juu ya mlango, na hapo bibi hatakusemesha mpaka Idi.